Kofia ya Assani

Saa kumi na mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana ya pikipiki, mtaa wa Kasuku. Djuma alichora barabara ya mtoni juu ya meza kwa kidole chenye oili. Maneno mengi hakuyapenda.

"Utapita hapa na mufuko ya feza. Ukitosha kofia kichwani, tunapiga mateke mwenye kubeba, hata kama ni weye, tunachukua, tunaenda. Ukiiacha kwenye kichwa, nitajua umetuuzisha. Nitapiga risasi."

Assani akaitikia. Miezi sita alifanya kazi kwenye kampuni moja ya pale mjini kwa ajili ya asubuhi hii tu. Djuma ndiye aliyempandikiza akachochee mchango: kila mfanyakazi akubali mshahara wake ukatwe kidogo kabla haujamfikia, ili watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, wanunue injini ya mtumbwi wa kuvusha wagonjwa. Mchango ukinona, majambazi wachinje.

Na ulimi Assani anao. "Kitu yenye jicho haiyaona, roho haililie," aliwaambia wenzake. Wakacheka, wakatia sahihi wote, hadi Mama Germaine anayefagia ofisi.

Saa tatu. Wenzake walimchagua yeye abebe mfuko, kama Djuma alivyotabiri. Lakini yeye na Djuma, kwa ujanja wao wote, walisahau jambo ambalo hata kichaa wa soko analijua: zawadi haitumwi, husindikizwa. Watu arobaini walifunga ofisi wakatoka naye kwa miguu, wakiimba kama wanaopeleka mahari. Mama Germaine akampokonya mfuko, akajitwika.

Assani aligusa kofia yake. Akivua kofia sasa, atakayepigwa ni huyu mama.

Saa tatu na nusu. Germaine hakuimba. Alimsimulia Assani kwamba wakati wa vita wenye bunduki walichukua mitumbwi yote, na binti yake akakaa ukingoni siku mbili na uchungu wa uzazi, akiitazama ng'ambo. Akafia pale pale.

"Njo maana nilitia sahihi," akasema. "Haikukuwa juu ya ulimi yako."

Assani aliona aibu, aibu ya kweli, akanyoosha mikono.

"Lete, mama. Nitabeba miye."

Saa nne kasoro robo. Djuma alikuwa juu ya pikipiki karibu na kivuko, mkono ndani ya koti. Macho yakakutana. Assani akaikandamiza kofia hadi masikioni, akapita.

Risasi mbili. Assani akaanguka, paja likivuja damu. Djuma aliurukia mfuko, lakini umati ulikuwa umeshaukalia, na wanaume walianza kuokota mawe. Akatimka na pikipiki yake mikono mitupu.

Germaine akapiga magoti, akafunga jeraha kwa kitenge chake.

"Mama, mimi njo niliwaleta wale majambazi," Assani akanong'ona. "Tangu mwanzo."

Mikono ya Germaine ikasimama. Aliangalia barabara ambako vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijatua, kisha akakaza fundo kwa nguvu mpaka Assani akauma meno.

"Feza ya dawa yako tutakata kwenye mishahara," akasema. "Tutaanza na ya kwako."

Akamvua kofia, akaikunja, akamwekea chini ya kichwa.