Jiji ya Seul-bi

Jumamosi ile ukumbi wa kompyuta wa Tae-gon, pale Bupyeong, ulijaa hadi mende wakapanga foleni. Binti mmoja, Seul-bi, akaingia na koti la manjano, nywele zimelowa mvua. Kilibaki kiti kimoja, kando ya mwenye ukumbi.

"Bosi, unacheza au umewekwa kama sanamu?"

"Keti nikufunge kwanza, ndipo uulize."

Akafungwa yeye Tae-gon. Akampikia tambi za moto zenye yai, na mapenzi yakaanzia kwenye bakuli hilo. Kila jioni walicheza, na aliyezidiwa aliandika "jiji". Si jiji la majumba, hapana. Kwa wachezaji wa kule ni kusalimu amri. Ikishaandikwa hakuna kuulizana.

Kisha vijana wakahamia kwenye simu, wengine wakajifungia majumbani na mashine za kuchezea kwenye runinga. Viti vikabaki wazi, mende wenyewe wakahama. Seul-bi naye akaajiriwa kutengeneza michezo ya simu, akamsihi Tae-gon auze kompyuta, waoane. Tae-gon akamjibu kwamba ukumbi ni wa marehemu baba yake, na baba hauzwi. Wakanuniana. Wakabaki kucheza tu, Tae-gon peke yake ukumbini, Seul-bi kwenye simu ndani ya treni.

Jioni moja Seul-bi akiwa anaongoza, maandishi yakatokea: "Jiji, bosi. Nimechoka kushindana na wewe."

Tae-gon akajua ameachwa. Hakuuliza. Alitupa simu, akauza kompyuta zote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akaenda Mokpo kumsaidia mama yake kuparua samaki sokoni.

Theluji ilipoyeyuka, simu ya mama ikalia. Seul-bi alikuwa ameitafuta namba hiyo kipupwe kizima.

"Nilikuja ukumbini na mabegi yangu. Nikakuta wapangaji wapya wanakaanga kuku."

"Si uliandika jiji?"

"Nilikuwa nakufunga, we mjinga. Anayeshinda anaandikaje jiji? Jiji ile ilikuwa ya ugomvi wetu: baki na mashine zako, nakuja hivyo hivyo."

"Jiji haiulizwi, Seul-bi."

"Mimi ningeuliza."

Akamweleza kwamba Jumapili anaolewa na mwingine. Tae-gon, mikono inanuka samaki, akauliza kama huyo bwana anacheza.

"Hachezi chochote."

Wakabaki na simu masikioni, kila mmoja akimsubiri mwenzake akate.