Viatu vya Mwalimu Aminiel

Siku za kliniki, Elinipa alikuwa anaamka kabla shangazi yake hajawasha jiko. Alipiga pasi koti lake jeupe, akanywa uji wa moto akiwa amesimama, akashika njia kwa miguu kutoka Kijenge hadi hospitali alikokuwa anajifunzia kazi. Alikuwa mwaka wa nne wa udaktari, na kule kijijini kwao, juu ya Kikatiti, watu walishaanza kumwita dokta. Yeye mwenyewe alijua bado.

Msidhani mwanafunzi wa udaktari anashinda akichoma watu sindano. Kazi yake kubwa ni kuuliza, kutazama na kugusa, kisha kumweleza daktari wake alichokikuta. Ni kazi inayoonekana ndogo. Lakini daktari mmoja hawezi kumkagua kila mtu benchi likiwa limejaa hadi nje, kwa hiyo mara nyingi anaamua kwa kutegemea macho ya mwanafunzi.

Daktari wa Elinipa aliitwa Pudensiana. Alikuwa mama mfupi kutoka Rombo, mwenye sauti ya chini, na wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia, "Ukisema umeona, uwe umeona. Kama hujaona, sema hujaona, nami sitakugombeza. Lakini atakayeniletea maneno ya kubuni ataondoka hapa na kuyarudia mafunzo haya tangu mwanzo." Halafu akawapa sharti la kliniki ya kisukari: kila mgonjwa avue viatu na soksi, miguu ikaguliwe juu, chini na katikati ya vidole. Ugonjwa huo ukikaa mwilini muda mrefu unatia miguu ganzi. Mtu anakanyaga kitu cha ncha kali na kuendelea na safari yake.

Elinipa aliyajua hayo yote. Alikuwa ameyasoma na kuyajibu kwenye mtihani. Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, na aliyeingia akawa Mwalimu Aminiel.

Huyu mzee alikuwa mwinjilisti wa usharika wao kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Ndiye aliyemfundisha Elinipa kipaimara. Watoto wote wa pale walikuwa wakisikia kikohozi chake wananyooka. Sasa alikuwa amekaa mbele yake na suti yake ya kijivu na viatu vyeusi vilivyong'arishwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe ni wewe?" Mzee alicheka kwa furaha. "Mungu ni mwema. Leo natibiwa na mtoto wangu wa kipaimara."

Elinipa alimpima sukari, ilikuwa juu. Alimpima presha, akamuuliza kuhusu chakula na dawa. Kisha akafika kwenye miguu, na hapo ulimi ukawa mzito. Jamani, utamwambiaje mtu kama huyo avue soksi mbele yako? Utaanzaje kumshika nyayo mtu aliyekuwekea Biblia mkononi?

"Na miguu, mwalimu?" aliuliza kwa sauti ndogo, akiangalia dirisha.

Mzee alirudisha miguu chini ya kiti. "Aa, miguu iache, mwanangu. Haina neno. Hata siisikii."

Elinipa akaiacha. Alimpeleka kwa Dokta Pudensiana na kumweleza habari zote. Daktari aliuliza swali moja tu: "Miguu umeiangalia?"

"Ndiyo, dokta. Haina tatizo."

Uongo ukatoka laini kabisa, kama mtu anayejibu salamu. Daktari aliongeza dawa, akamshauri mzee kuhusu ugali na ndizi, akampa tarehe ya kurudi mwezi ujao. Mwalimu Aminiel aliaga akaenda zake.

Kliniki iliendelea. Karibu na saa sita, Dokta Pudensiana aliwaita wanafunzi wote waje waone. Mama mmoja mchuuzi alikuwa amevua raba zake, na chini ya kisigino palikuwa na kipande cha chupa kilichozama kwenye nyama. Mama mwenyewe alikuwa akikishangaa kama wao.

"Ulikuwa husikii maumivu, mama?" daktari aliuliza.

"Hata kidogo, dokta. Miguu yangu siisikii siku hizi. Nilifikiri imepona."

Elinipa aliposikia hivyo, alikumbuka mzee naye alisema miguu yake haisikii. Alitoka nje, akaegemea ukuta. Mwenzake Reginald alimfuata, akamkuta macho yamejaa machozi. Elinipa akamweleza yote.

"Sasa unalia nini?" Reginald alisema. "Mzee atarudi mwezi ujao. Siku hiyo mwangalie vizuri, yaishe."

"Na kama ana kidonda?"

"Na kama hana? Utakuwa umejichoma bure. Unamjua dokta wetu, Eli, hana msamaha. Utarudia miezi yote hii wakati sisi tunasonga mbele."

Maneno ya Reginald yalikuwa matamu, tusidanganyane. Elinipa alimfikiria baba yake, aliyekuwa akihangaika na ada. Alifikiria aibu ya kubaki nyuma. Aliogopa kweli. Lakini kila alipojaribu kujituliza alimwona mzee akirudisha miguu chini ya kiti, na mtu asiye na neno haifichi miguu yake. Akafuta uso kwa kiganja, akarudi ndani.

"Dokta, nimekudanganya," alisema. "Mwalimu Aminiel sikumwangalia miguu. Nilimwonea haya."

Dokta Pudensiana alivua miwani. Alichukua simu, akaipigia namba ya mzee. Iliita mpaka ikakatika. Akarudia, ikawa vilevile.

"Kwake unapafahamu?"

"Napafahamu, dokta. Ni jirani na kwetu."

"Nenda ukamwangalie sasa hivi. Ukikuta chochote, usikifunge na kumwacha nyumbani. Mlete. Mengine tutaongea baadaye."

Jua lilikuwa limeshapinda Elinipa alipofika Kikatiti na kupanda njia ya juu kwa bodaboda. Bibi Kaanaeli, mke wa mzee, alikuwa anakatia ng'ombe majani ya mgomba.

"Karibu, mama. Mwenzangu yuko kwenye kahawa," alisema. "Amerudi, amevua suti, amevaa gambuti, huyoo! Nimemwambia apumzike. Ananisikia basi? Na simu ameiacha ndani inalia peke yake."

Alimkuta mzee anapogoa mibuni, amechomekea suruali ndani ya gambuti. Alipomwona Elinipa na lile koti jeupe, mkasi ukasimama.

"Kuna nini, mwanangu? Sukari imezidi?"

"Mwalimu, naomba ukae hapa, uvue gambuti. Nataka kuona miguu yako."

Uso wa mzee ulibadilika. "Elinipa! Nimekufundisha ukiwa mtoto, leo univue viatu shambani kwangu? Nimekwambia miguu haina neno."

Zamani kidogo Elinipa angeomba radhi na kuondoka. Sasa alipiga magoti kwenye majani makavu.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha Amri Kumi. Leo asubuhi nimevunja ya nane, ile inayokataza uongo. Nimemwambia daktari kwamba nimekuangalia na wewe ni mzima, wakati sikukuangalia. Usiponiruhusu, ule uongo utabaki hivyohivyo, na atakayeumia ni wewe."

Mzee alimtazama binti huyo aliyepiga magoti, akatazama mibuni yake, kisha akakaa taratibu kwenye jiwe na kunyoosha mguu wa kulia.

Gambuti ilitoka kwa shida. Harufu ilitangulia. Bibi Kaanaeli, aliyekuwa amewafuata, aliweka mkono mdomoni. Soksi ilikuwa imelowa, na Elinipa alipoivuta polepole, waliona kidonda kirefu kwenye unyayo, na ndani ya gambuti ncha ya msumari wa bati uliopenya soli, uliokuwa ukimchoma palepale kila alipoivaa. Hakuna aliyejua mzee alikuwa anautembelea tangu lini. Pembeni ya kidonda vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimegeuka vyeusi.

Mzee aliinama, akaangalia kama mtu anayeangalia kitu cha jirani.

"Huu ni mguu wangu?" aliuliza.

Jioni hiyohiyo alilazwa. Madaktari walisafisha kidonda, wakalazimika kukata vile vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari wa upasuaji alisema kwamba sumu ilikuwa imeanza kupanda, na kama mzee angesubiri tarehe yake ya mwezi ujao wangekuwa wanazungumzia kukata mguu gotini, au mazishi.

Dokta Pudensiana alimwita Elinipa ofisini. "Mafunzo utayarudia," alisema. "Nilisema, na sibadilishi. Lakini unielewe vizuri. Sikukasirishwa na haya zako. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi niliwaonea wazee haya. Kilichoniumiza ni kuniambia umeona. Niliyaamini macho yako, nikafumba ya kwangu. Na hapo na mimi nina lawama yangu, ningeweza kumwinamia mzee yule mwenyewe. Ungesema tu 'sijaangalia'. Neno hilo halijawahi kumkata mtu mguu."

"Nimekuelewa, dokta," Elinipa alisema, na machozi yakamtoka. Iliuma. Alirudia mafunzo yote, akawaona Reginald na wenzake wakitangulia, na hakuna aliyemsaidia kulibeba hilo.

Jumapili moja, mzee akiwa bado amelazwa, baada ya ibada, wazee wa kanisa walikuja wodini kumwombea Mwalimu Aminiel. Walijaa kuzunguka kitanda na makoti yao mazito, wengi wao wakiwa watu wa sukari kama yeye. Elinipa alikuwa anamfunga mzee bandeji. Mmoja wao, Mzee Naftali, alifumba macho aanze maombi.

"Ngojeni kwanza," mgonjwa alisema. "Tutaomba. Kabla ya hapo, vueni viatu, binti huyu awaangalie miguu."

Wakatazamana. "Aminiel, dawa zimekulevya?" Mzee Naftali aliguna. "Tuvue viatu mbele ya huyu mtoto?"

Mwalimu Aminiel aliinua mguu wake uliofungwa ili wote wauone.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi nilimwona mtoto, nikaona aibu kumwonyesha. Yeye aliniona mzee, akaona aibu kuniangalia. Tukaiita heshima. Katikati ya heshima zetu mbili, mguu ukaoza. Kilichouokoa ni kwamba mtoto huyu alikubali kuaibika mbele ya daktari wake, akasema ukweli, akaja kunipigia magoti shambani. Mimi mkubwa sikuwa na ujasiri wa namna hiyo."

Akawatazama mmoja mmoja kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa kipaimara. Kisha akakohoa.

Mzee Naftali ndiye aliyeanza kufungua kamba za viatu.