Siku Soko Lilipobomolewa

Walikutana kwenye duka la vitambaa, watu wakisukumana, mtangazaji wa redio alipoikanyaga hariri aliyokuwa akiipima fundi cherehani.

"Kaka, hayo ni macho au mapambo?"

"Ni macho, dada. Yamekuona wewe, yakaisahau miguu."

Fundi akacheka bila kutaka. Mwaka mzima wakawa watu wa kucheka.

Asubuhi hii fundi hakucheka. Redio ya karakana ilikuwa imewashwa, na sauti ya mpenzi wake ikitiririka kama asali: "Siku kama ya leo, jiji letu kuu liliwasha taa zake za kwanza za barabarani. Siku kama ya leo pia, soko kuukuu liliondolewa kwa amani, kupisha barabara mpya."

Mkasi ukamtoka mkononi. Kwa amani! Mama yake aliuza vitunguu pale. Tingatinga lilimkuta bado anakusanya mali yake, likamwachia mguu mmoja. Na mtangazaji alijua. Mama mwenyewe alimsimulia, akimmiminia chai.

Simu ikaita.

"Mpenzi, umenisikia?"

"Nimekusikia mpaka kichefuchefu. Kwa amani?"

"Laazizi, nasoma alichoidhinisha mhariri. Nikibadilisha neno, kazi sina."

"Kumbe mama yangu alikatwa mguu na amani! Mwambie mhariri wako aje aupapase uliobaki."

"Punguza sauti, niko na watu..."

"Nitapaza mpaka dari lipasuke! Gauni la harusi nimelishona mwenyewe, na leo nalifumua mwenyewe."

Akakata simu. Akalitoa gauni jeupe kabatini na kuuvamia upindo kwa wembe.

Jioni kipindi husomwa upya, moja kwa moja hewani. Mama, aliyekuja kukaa naye karakana, akaongeza sauti ya redio.

"Zima, mama!"

"Niache nimsikie mkwe wangu anavyodanganya."

"Siku kama ya leo," sauti ilikuwa imekauka, "soko kuukuu lilibomolewa watu wakiwa ndani. Mama mmoja, muuza vitunguu, alipoteza mguu. Asubuhi nilisema kwa amani. Nilisema uongo, na mama huyo ananisi..."

Muziki ukaingia, ukammeza.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baadaye kidogo simu ikaita.

"Wamenifukuza," akasema mtangazaji.

"Nimesikia. Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui. Njoo uzisikilize zote, mbele ya mama." Fundi akatafuta sindano na uzi mweupe. "Na uje na mikono safi. Kuna upindo wa kunishikia."