Mkeka wa Shubiri Tano

Bi Khairiya alikwenda kupeleka msala, basi. Msala mmoja tu wa kusalia, ulioagizwa na mke wa Bwana Kamaludin, na jua lilikuwa likizama. Angeukabidhi mlangoni akarudi zake, leo tusingekuwa na la kusimuliana.

Lakini aliingia uani.

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya Vita vya Wajerumani, na Amu nzima ilijua kwamba Bwana Kamaludin ana wazimu wa miti. Ukimletea mche wa nti ya mbali, umemnunua. Katikati ya ua wake ulisimama mti wa jamii ya mnazi, mwembamba, usiozaa chochote, uliotoka kisiwa kimoja huko upande wa Java. Waliuita Mwali. Kila mwaka ulitoa kuti moja, na kuti hilo likiwa bado limefumba lilikuwa jekundu, kutoka shinani hadi nchani.

Sasa mwonyeshe msusi wa mikeka kitu kama hicho! Ukindu mwekundu hutiwa rangi chunguni, na rangi huchuja. Mkeka wa Bi Khairiya ulikuwa umechujia shuka za biarusi mmoja, na mtaa ukamcheka mwaka mzima. Na harusi ya Swafiya, mwanawe wa pekee, ilibakiza miezi miwili.

Uani hapakuwa na mtu. Akatoa kisu.

Kuti lilipokatika, lilishusha pumzi.

Hhhh...

Kisha harufu. Kafuri, ile wanayotiwa maiti. Bi Khairiya alijiambia ni udi wa majirani, akalificha kuti ndani ya nguo yake, akaenda zake.

Asubuhi alilichana, akaanza kusuka. Lilisukika kwa raha. Ilipoadhiniwa adhuhuri alitaka kuweka chini akatawadhe.

Mikono ilikataa.

Aliivuta, lakini vidole viliendelea. Juu, chini, juu, chini...

"Swafiya," aliita kwa sauti ndogo. "Ndoo hapa, unishike mikono."

Swafiya alicheka, akidhani mamake anamtania. Alipoona mato yake yalivyomtoka, aliishika mikono ile kwa nguvu zake zote, ikamburuta. Aliifunga kamba, kamba ikakatika. Na kuti lile, ambalo halikutosha hata kipepeo cha kupepea moto, halikwisha.

Mamake alipokiri lilikotoka, Swafiya alikimbia kumwita Bwana Kamaludin. Mzee alifika mlangoni, akauona ule wekundu, akaketi pale pale kizingitini.

"Umelikata likiwa limefumba, Bi Khairiya?"

"Nisamehe, Bwana. Zuia mikono yangu."

"Siwezi." Alikuwa akinong'ona. "Aliyeniuzia alisema likisukwa hupima mtu wa nyumba ya msusi. Likifika urefu wake, husimama. Nilimcheka."

"Likishasimama, huyo mtu je?"

Bwana Kamaludin aliinamisha kichwa. "Hulazwa juu yake."

Na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, mjane na mwanawe.

Siku tatu Bi Khairiya alilishwa kwa kijiko. Alimwambia Swafiya akimbilie Chundwa kwa shangazi yake, Swafiya akakataa kumwacha. Mama aliomba awe yeye, ya Rabbi, awe yeye, huku mikono yake mwenyewe ikisuka ukili na kuushona, na mkeka ukirefuka mbele yake. Alikuwa akitazama tu. Angefanya nini?

Siku ya nne, baada ya alasiri, mikono ilikunja pindo ikaanguka.

Bwana Kamaludin alipima kwa shubiri. Akarudia. Shubiri tano. Bi Khairiya alikuwa na saba, Swafiya zaidi ya saba.

"Alhamdulillahi," alisema mzee. "Yule mtu alikuwa mwongo."

Walicheka, wakalia. Walijaribu kuuchoma mkeka, haukushika moto, wakaufungia sandukuni. Harusi ikapita salama, na bwana harusi akahamia kwao.

Mwezi wa tatu wa ndoa, Swafiya alikuja kukaa karibu na mamake, amefunika mdomo kwa leso, anatabasamu.

"Mama, nina mimba."

Bi Khairiya alimkumbatia, na furaha ikampanda kweli. Mkono wake ulikuwa bado mgongoni mwa mwanawe alipoelewa. Hakumwambia. Hadi leo hajamwambia.

Mtoto ni Alawiya, yuko katika mwaka wake wa tano, mtundu, hula kuliko babake. Adhuhuri anapolala, bibi yake humpima polepole, kuanzia kisigino. Juzi zilikuwa shubiri nne na vidole vitatu. Kuna siku humpunguzia wali. Mtoto akilalamika njaa, humwongezea, akageuka kando alie. Bwana Kamaludin aliukata Mwali, akafukia shina lake kisiwani Manda. Mkeka bado ni shubiri tano.

Jana Alawiya alimjia mbio, akasimama kwa ncha za vidole mbele yake, kidevu juu.

"Bibi, nitazame nilivyokua."

"Usisimame hivyo," alinong'ona Bi Khairiya. "Kaa kitako, mwanangu. Kaa."