Firigisi ya Kageha

Siku ya soko mjini Kakamega, mtu akisimama ovyo hukanyagwa, na Kageha alikuwa amesimama ovyo, akilitazama fungu la mwisho la njugu mezani kwa Teresa, muuza njugu. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, limepigwa pasi likanyooka. Aliponyoosha mkono, mkono wa mwanamume ukamtangulia. Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu wa tai nyekundu na viatu vilivyojaa vumbi la soko.

Kageha alimwuliza kama kwao watu hawapangi foleni. Kijana akajibu kwa adabu kwamba jina lake ni Cornelius, karani wa idara ya kilimo, na njugu hizo si za kuliwa. Ni za kuchezea poka klabuni, ile iliyokuwa ya Wazungu mpaka bendera yao iliposhushwa mwaka uliopita. Mchungaji alikuwa amekataza pesa mezani, kwa hiyo walishindania njugu.

"Basi nifundishe," alisema Kageha, "au niachie njugu zangu."

Akafundishwa. Kageha alikuwa opereta wa simu pale posta, na tangu siku hiyo Cornelius akawa na simu nyingi za kikazi ambazo hazikuwa za kikazi.

"Namba, tafadhali."

"Sitaki namba. Nipe sauti hiyo hiyo."

"Bwana Cornelius, kuna mtu wa Mumias anangoja laini."

"Angoje. Mimi nakungojanga kila siku."

Jumamosi mchana walikaa kwenye veranda ya dada yake Kageha, karata juu ya stuli. Mwanzoni Kageha alicheza kila karata aliyopewa, na njugu zake zikaisha hata chai haijapoa. Cornelius akamwambia la kwanza ni kujua kutupa. Karata mbovu ni mbovu, iache, ngoja nyingine. Hilo akalishika upesi. La pili lilimchukua muda zaidi.

"Mwanagenzi anatazama karata zake," Cornelius alimwambia. "Aliyeiva anamtazama mtu. Jiulize, huyu leo anaogopa nini?"

Kageha alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Mapenzi nayo yakanoga. Kisha mwanamume akafanya upumbavu, maana wanaume wetu hawawezi kuona mchuzi umekolea bila kuutia maji. Jumamosi moja Kageha alisukuma njugu zake zote katikati akiwa na jozi ya tisa. Cornelius akatazama karata zake, akaguna, akazitupa kifudifudi. Kageha alirukaruka kwa furaha, na hapo hapo Cornelius akamshika mkono.

"Kageha, nataka kukuoa."

Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga Kageha. Lakini alikuwa anakusanya karata azichanganye, na zile za Cornelius zikageuka. Wafalme watatu! Hata mtoto anajua kwamba tatu huipiga jozi.

"Ulinihurumia," alisema.

"Nilitaka ufurahi, mpenzi."

"Anayenihurumia mezani atanihurumia mpaka jikoni. Nitajuaje siku nikishinda kweli? Nenda kwako, Cornelius. Jibu lako ninalo, lakini leo silitoi."

Kageha aliumia, jamani. Alilia mpaka mto ukalowa. Kesho kutwa yake, kazini, simu ikalia.

"Namba, tafadhali."

"Kageha, nisamehe."

"Hiyo si namba, bwana."

Karata hakuziacha. Alicheza na walimu, akacheza na wauguzi, na kila aliposhindwa alijiuliza amekosea wapi. Siku za Jamhuri zilipofika, klabu ikatangaza mashindano. Zawadi ilikuwa jogoo, na mshindi angepewa firigisi mbele ya watu wote. Sasa, kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huipika na kuipakua, haili. Kageha alipojiandikisha, Hezekiah, katibu wa klabu, alicheka akauliza kama zawadi ibadilishwe iwe shingo.

"Iacheni kama ilivyo," alisema Kageha.

Siku yenyewe alikuja na gauni la manjano na viatu vya kisigino. Aliwatoa wanaume mmoja mmoja, Hezekiah akiwa wa kwanza, mpaka wakabaki yeye na Cornelius, na rundo la Kageha lilikuwa kubwa zaidi. Wanawake wa soko walijazana madirishani.

Kageha akatupa karata. Akatupa tena, na tena. Hezekiah akanong'ona kwamba mama ameogopa. Thubutu! Alikuwa anamtazama mtu. Huyu leo anaogopa nini? Cornelius aliogopa kitu kimoja tu, kutupa karata mbele yake mara ya pili.

Basi akangoja. Zilipomjia saba tatu, akasukuma njugu zote katikati, uso mkavu.

Cornelius alikuwa na wafalme wawili tu. Aliyeiva angewaacha, na yeye ndiye aliyefundisha wengine kuacha. Lakini alijua kwamba akitupa, hata kwa haki, Kageha hatamwamini tena. Akasukuma njugu zake zote.

"Fungua," alisema.

Kageha akafungua. Vigelegele vikatoka madirishani vikasikika mpaka sokoni.

"Ulijua sitatupa," alisema Cornelius.

"Nilijua."

"Umenipiga kwa somo langu mwenyewe." Akacheka mpaka tai ikalegea. Alikuwa ameshindwa kweli, na alifurahi kuliko siku zote alizoshinda.

Hezekiah mwenyewe ndiye aliyeleta sahani, obusuma, ugali wa kwetu, na ile ingokho, jogoo wa zawadi, firigisi ikiwa juu. Kageha akaikata katikati, akala nusu yake taratibu, akitafuna bila haraka. Nusu nyingine akaishika kwa vidole, akamsogezea Cornelius mdomoni.

"Hii ni huruma?" aliuliza Cornelius.

"Huruma siijui," alisema Kageha. "Hili ndilo jibu lako. Kula."

Mbele ya klabu nzima, Cornelius akafungua mdomo.