Kitabu Kisichoachwa Mezani

Kila asubuhi Oswaldi alipika chai ya mtu mmoja. Chai aliiweza. Ugali ndio ulimshinda. Kwao Laela walikuwa watu tisa, na mkono wake ulizoea kupima unga wa watu tisa. Basi kila jioni ugali ulibaki, na kila asubuhi alikula kiporo. Mtu wa hesabu, lakini hesabu ya sufuria yake mwenyewe haikumwingia kichwani.

Alikuwa amepanga chumba Majengo, mjini Mpanda. Ulikuwa mwezi wa saba tangu ahamie. Majirani walimsalimia vizuri, naye aliwaitikia vizuri. Baada ya salamu hakuna aliyejua aongeze nini. Upweke wa namna hiyo haupigi kelele. Unakaa tu chumbani kama mpangaji mwenzako.

Oswaldi alikuwa mchambuzi wa takwimu katika maktaba ndogo ya umma. Mwenye nyumba wake, mzee Leodgar, alikuwa fundi cherehani. Siku moja alimuuliza:

"Yaani wewe kazi yako ni kuhesabu vitabu? Si vipo palepale?"

"Sihesabu vitabu tu, mzee. Naangalia kipi kinasomwa na kipi hakisomwi. Watu wanakuja saa ngapi, wanatafuta nini. Halafu nawashauri wakubwa. Tuongeze hiki, tupunguze kile."

"Na wanakusikiliza?"

"Wananisikiliza."

"Basi angalia sana unachowaambia," alisema mzee Leodgar, akarudi kwenye cherehani yake.

Maktaba ilikuwa na mkutubi mmoja, Bi Juliana. Meza yake ilikuwa mlangoni. Akiwa pale hakuziona rafu za nyuma. Jioni alizunguka na kukusanya vitabu vilivyoachwa mezani. Kabla ya kukirudisha kitabu kwenye rafu, alikiwekea alama moja katika daftari. Maana yake, leo kitabu hiki kimesomwa. Oswaldi aliziingiza alama hizo kwenye kompyuta, ndani ya chumba chake kidogo, mlango ukiwa umefungwa.

Septemba ilikuja barua. Vitabu vipya vya shule vilikuwa njiani, na rafu zilijaa. Maktaba ilitakiwa kutoa vitabu visivyosomwa, vipelekwe ghalani mkoa mwingine. Oswaldi alifungua kompyuta. Vitabu mia moja na arobaini havikuwa na alama hata moja kwa mwaka mzima. Vile vilivyoazimwa kwenda nyumbani alikwisha kuvitoa kwenye hesabu. Aliandika orodha nzuri, safi, yenye mistari iliyonyooka. Aliionea fahari, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Alhamisi vitabu vilipakiwa kwenye maboksi. Gari la kuvichukua lilikuwa lije Jumatatu.

Ijumaa, saa saba mchana, Oswaldi alitoka kuhakiki maboksi. Ndipo alipomwona mama mmoja kwenye rafu za nyuma. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri, miguu ina vumbi. Aliitwa Vénérande, mkulima wa kijiji cha Litapunga. Kila Ijumaa alileta maharage sokoni Mpanda. Akishauza, aliingia maktaba na kukaa dirishani mpaka gari la kurudi lilipokaribia.

Mama huyo alipeleka mkono kwenye rafu ya chini bila hata kutazama, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Mkono haukukuta kitu. Akapapasa kulia. Akapapasa kushoto. Kisha akaenda kukaa, mikono mitupu juu ya meza. Mwisho alishika pindo la kitenge, akaifuta meza, akasimama aondoke.

"Shikamoo, mama," alisema Oswaldi.

"Marahaba, mwanangu."

"Unatafuta kitabu?"

"Kilikuwa hapa. Cha nyuki. Mbele kina picha ya mzinga. Labda mwenyewe amekichukua."

"Kimo kwenye boksi, mama. Kinahamishwa. Mwaka mzima hakuna mtu aliyekisoma."

Vénérande alimtazama vizuri.

"Na mimi je?"

Oswaldi alidhani mama amechanganya vitabu. Alifungua daftari la Bi Juliana, akatafuta. Hakuna alama.

"Hapa inaonyesha hakijasomwa kabisa, mama."

"Fungua boksi," alisema Vénérande. "Ukurasa wa arobaini na moja nimeweka jani la mhindi. Ndipo nilipofika."

Boksi lilifunguliwa. Kitabu kilikuwa chini kabisa. Oswaldi alikifungua, na jani kavu la mhindi likaanguka miguuni pake. Lilikuwa limekatwa vizuri kwa kisu, sawa na upana wa ukurasa. Alijisikia vibaya sana. Aliliokota.

"Unakuja tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Kila Ijumaa ukurasa mmoja, kwa sababu nasoma polepole. Kusoma nimefundishwa ukubwani, kanisani." Alikaa tena. "Mume wangu Pontien aliniachia mizinga minane. Yeye ndiye aliyejua nyuki. Amefariki, na nyuki nao wakaanza kuhama. Sasa sita ni mitupu. Nilikuwa nimefika pale wanaposema kwa nini nyuki wanahama. Halafu nyie mmekifunga kwenye boksi."

"Kwa nini hukukiazima, ukasomee nyumbani?"

"Kadi inataka mdhamini wa hapa mjini. Mjini simjui mtu. Mwanangu Jean Bosco yuko Dar, simu yake naipata Krismasi."

"Na ukimaliza kusoma, kitabu hukukiacha mezani?"

Vénérande alishangaa, kana kwamba ameulizwa kama huwa anatembea bila nguo.

"Nikiache? Wewe ukiazima jembe la mtu, unalitupa shambani? Unaliosha udongo, unalirudisha palepale ulipolikuta. Mimi nilikirudisha. Na meza nilifuta. Na wale wazee wanaokaa upande ule nao wanarudisha. Ndivyo tulivyolelewa."

Bi Juliana alikuwa amesogea, anasikiliza. Alishika shavu.

"Jamani! Na mimi kila jioni nasifu meza zilivyo safi. Kumbe mezani vinabaki vitabu vya watoto wa shule tu."

Oswaldi alimweleza Vénérande jinsi walivyokuwa wakihesabu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, na mambo ya kupima aliyajua.

"Unapima kwa debe lililotoboka, mwana wanje," alisema kwa upole, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Maharage yamwagika, halafu unasema mavuno ni haba."

Alipoondoka, Oswaldi alikaa na jani lile mkononi. Bi Juliana alivuta kiti.

"Madam, nimeandika sifuri mia moja na arobaini," alisema Oswaldi. "Na zote nimezisaini."

"Kuna sifuri ya kwamba hakuna, na kuna sifuri ya kwamba hatukuona," alisema Bi Juliana. "Kwenye daftari zinafanana. Mtu wa takwimu asipotoka kwenda kuangalia, atazitofautishaje? Wewe umejifungia mle ndani, na mimi nimekaa mlangoni. Tumekosa wote."

"Wakubwa watasema sijui kazi."

"Watasema wiki moja. Kitabu kikishaenda hakirudi."

Oswaldi aliandika barua siku ileile. Hakutafuta visingizio. Aliandika kwamba orodha yake ina makosa, na kosa ni lake. Aliomba gari lisubiri mwezi mmoja. Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi, na halikuwa tamu. Lakini mwezi walipewa.

Vitabu vilirudi kwenye rafu. Juu ya kila meza Oswaldi alibandika karatasi ya herufi kubwa: UKIMALIZA KUSOMA, ACHA KITABU MEZANI. TUNATAKA KUJUA KIMESOMWA. HATUANDIKI JINA LAKO. Bi Juliana naye aliwaambia watu kwa mdomo, mmoja mmoja, kwani si kila mtu husoma matangazo. Wazee walitaka kujua sababu. Walipoelezwa kwamba kitabu kisichoonekana kusomwa kinaweza kuondolewa, walielewa.

Jambo la pili lilikuwa kuhesabu watu. Mara tatu kwa siku, saa nne, saa nane na saa kumi, Oswaldi alitoka chumbani na kupita kila rafu. Hakukisia. Aliandika wangapi wapo na wamekaa wapi. Mlango wake akauacha wazi.

Vénérande alijaribu kutii, akashindwa.

"Mkono unakataa," alisema. Basi walipatana. Akimaliza, alimletea Oswaldi kitabu mkononi, na Oswaldi aliweka alama yeye akiona.

"Nimefika arobaini na mbili," alisema Ijumaa ya kwanza. "Wanasema siafu na sisimizi wanafukuza nyuki. Mzinga uning'inizwe kwa waya, na waya upakwe grisi. Na nyasi za chini zifyekwe."

Ijumaa iliyofuata alisema, "Wanasema kiangazi nyuki wanahama kwa kiu. Uweke maji karibu, na vijiti juu yake, wasizame. Pontien alikuwa anafanya hivyo. Nilidhani anawekea ndege."

"Mama, mimi nitakudhamini upate kadi," alisema Oswaldi. "Uende nacho nyumbani."

Vénérande alifikiri, akatikisa kichwa.

"Asante, mwanangu. Nyumbani nitasoma na nani? Hapa hatuongei, lakini nasikia watu wakigeuza kurasa."

Oswaldi alilijua jambo hilo vizuri kuliko takwimu zote.

Mwezi ulipoisha, vitabu sitini na vitatu kati ya vile mia moja na arobaini vilikuwa na alama. Vingi vilikuwa vya kilimo na mifugo, na vilisomwa zaidi siku ya Ijumaa, watu wakitoka sokoni. Orodha ya pili ilikuwa na vitabu sabini na saba tu. Haikuwa safi kama ile ya kwanza. Ilijaa mikato na maelezo pembeni. Wakubwa waliisoma, wakaikubali. Rafu ya kilimo ikasogezwa karibu na dirisha.

Kisha mvua zikaanza. Ijumaa moja ilinyesha tangu alfajiri. Saa nane Oswaldi alipita rafu zote na daftari lake. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Alisimama pale na kalamu. Alitamani kuandika moja, kwa sababu tu alitamani iwe moja. Nani angejua? Lakini alikwisha kudanganya mara moja bila kujua, na hakutaka kudanganya akijua. Aliandika sifuri. Jioni ile ugali ulibaki mwingi kuliko siku zote.

Ijumaa iliyofuata Vénérande alifika, matope mpaka magotini.

"Wiki iliyopita sikuja. Maji yalikata barabara." Alitabasamu kidogo. "Mzinga wa tatu umeingia nyuki, nimewasikia kwa sikio langu."

"Hongera, mama! Na kwamba hukuja, najua. Niliandika sifuri kwenye kiti chako."

Vénérande alisimama na kitabu mkononi.

"Uliniandika na sikuwepo?"

"Ndiyo, mama."

Mama huyo alikaa. Oswaldi akaogopa kwamba amemuudhi.

"Tangu Pontien afariki," alisema mwishowe, "kuna siku naumwa, nashindwa hata kutoka nje. Naamka kesho yake, na hakuna anayejua kwamba jana sikuonekana."

Alifungua kitabu kwenye jani lake la mhindi, akalinyoosha kwa kidole.

"Basi leo niandike," alisema. "Nipo."

Oswaldi akaandika moja.