Pumzi za Mzee wa Dirishani

"Siendi, mama. Nimeshasema siendi."

"Unasema huendi na sare nimekupigia pasi?"

"Basi ivae wewe."

Hapo mama akanyamaza. Kwetu mama akinyamaza, hata kuku wa jirani wanajua kuna jambo. Kaka naye alijua amevuka mpaka, maana hakungoja jibu. Aliingia chumbani akaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka kutoka ukutani.

Nilibaki kwenye kochi nimeduwaa. Yule kubamiza mlango? Labda ndoto, nikajisemea, maana mimi asubuhi huwa sijui vizuri nimeamka au bado.

Kaka yangu ni muuguzi. Hana muda mrefu kazini, ile sare mama ameishona majuzi tu kwenye cherehani yake na ndani bado ina alama za chaki. Zamani alikuwa kama mimi, mlango kwake ni ngoma. Alipoingia chuo cha uuguzi akabadilika. Akawa anafunga mlango kwa mikono miwili, mmoja kwenye kitasa, mwingine ukingoni, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilimcheka sana. Akaniambia, "Wodini mlango ukilia, unamwamsha mtu aliyekuwa anautafuta usingizi tangu jana."

Miaka yote ya chuo, mgonjwa wake wa mazoezi alikuwa Bibi. Alimfunga bandeji hata mguu usiouma. Lakini zoezi nililolipenda mimi ni la pumzi. Unajua, ukimwambia mtu unamhesabia pumzi, anaanza kupumua kama anayepigwa picha. Kwa hiyo wauguzi wana ujanja wao. Unamshika mgonjwa kifundo cha mkono, unahesabu mapigo ya moyo, ukimaliza humwachii. Unaendelea kumshika vilevile, kumbe jicho limehamia kifuani, unahesabu kinavyopanda na kushuka. Dakika nzima, bila kukata.

Bibi aliujua ujanja huo akajifanya haujui. "Mume wangu," alikuwa akimwambia kaka, "leo umenishika mkono mpaka nimeona haya. Wanaume wa siku hizi mna haraka, wewe umetoka wapi?"

Dakika hiyo nyumba nzima ilikuwa inatulia. Mama anaachia cherehani. Mwanga unapenya kwenye pazia, vumbi linaelea ndani yake, kifua cha Bibi kinapanda, kinashuka, na mimi kwenye kochi naelea pamoja nalo. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, kazi yangu kubwa ni hiyo, kuelea. Siku nyingine nilikuwa rubani, siku nyingine nilikuwa mto.

Sasa, chuoni kwao kulikuwa na mwalimu waliyempa jina la Kivuli, kwa sababu kila ukigeuka yuko. Mwanafunzi akimaliza kumpima mgonjwa, Kivuli anapita nyuma yake, anapima upya. Ukikosea anasahihisha palepale, huku amekukazia macho. Walimwogopa, lakini kaka alisema ukiwa naye unalala usingizi.

Kisha kaka akamaliza chuo, akapata kazi. Siku ya kwanza wodini mgonjwa aliita, "Nesi," na kaka akageuka nyuma kuangalia nesi yuko wapi. Tulicheka mpaka Bibi akapaliwa.

Jana hakuna aliyecheka. Alirudi kutoka zamu jua likiwa bado liko juu ya paa, akakaa chini karibu na kiti cha Bibi. Bibi alikuwa amesinzia. Nikamwona kaka anamtazama kifuani, mara uso ukambadilika kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

"Nini?" nikamuuliza.

"Mzee wa dirishani," akasema. "Sikumhesabu."

Akatoka mbio, ndala moja yake, nyingine yangu.

Aliporudi alilala ameelekea ukuta, akanieleza hivyohivyo. Mchana wodi ilijaa. Amepima kitanda baada ya kitanda, akafika kwa mzee mmoja dereva wa lori mstaafu, amelala kando ya dirisha, jua limemkaa usoni. Ametulia mno, kaka akaona vibaya kumgusa. Akaandika idadi ileile ya pumzi aliyoipata kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, akaenda zake.

"Sikufikiria hata kidogo," akaniambia. "Kichwani nilikuwa na uhakika Kivuli anapita nyuma yangu."

"Si Kivuli yuko chuoni?"

"Ndiyo hapo."

Aliporudi wodini alimkuta mzee anahema harakaharaka kama aliyepanda mlima. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa wodi, yule mama wanayemwita Rula kwa jinsi alivyonyooka. Akamwambia mzee hayuko sawa, na ile namba aliyoandika aliibuni. Daktari akaitwa, mzee akawekewa hewa ya oksijeni. Rula hakugomba. Alisema tu, "Kesho asubuhi, ofisini kwangu."

"Mimi si muuguzi," kaka akauambia ukuta. "Mimi ni mwanafunzi aliyevalishwa sare."

Ndiyo maana asubuhi hii ilikuwa siendi, siendi.

Nilikuwa nainama kuokota kalenda simu ya mama ilipolia. Mkono mmoja ulikuwa na pasi, akabonyeza sauti ikatoka nje.

"Mama, shikamoo. Mimi ni mkuu wa wodi. Simu ya kijana wako imezimwa. Yupo?"

"Marahaba. Yupo. Amejifungia chumbani."

"Sauti inafika huko?"

"Nyumba hii hata siri inafika."

"Vizuri. Basi nitasema kwa nguvu." Na kweli akasema kwa nguvu. "Mzee wa dirishani ameamka. Anapumua vizuri, ameomba chai, na amelalamika kwamba haina sukari. Daktari anasema tungechelewa mpaka asubuhi, leo ningekupigia na habari nyingine. Hilo kijana alijue. Amekosa, nitamkaripia, na maelezo ataandika. Alijue na hilo. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, mama. Wanaobuni namba nimewaona. Anayerudi mwenyewe kusema nimebuni, simwoni mara kwa mara. Alfajiri mzee nimempima mimi. Kipimo kinachofuata ni cha kijana wako. Mzee mwenyewe anamuulizia, anamwita yule anayefunga mlango vizuri."

Simu ikakatika. Mama akaiweka pasi wima. Mimi na kalenda yangu tukabaki hapo katikati ya sebule.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Kaka akasimama, macho mekundu. Bibi, ambaye sote tulidhani amelala, akanyoosha mkono bila kufumbua macho.

"Mume wangu, njoo. Mimi leo sijapimwa na mtu."

Kaka akachuchumaa, akamshika kifundo cha mkono. Nyumba ikatulia. Mvuke wa pasi ukawa unapanda taratibu kwenye mwanga wa dirishani, kifua cha Bibi kikipanda nao, kikishuka. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unasema shaa, shaa, na kwa muda nikaona kama nyumba yetu nzima ndiyo inayopumua, na sisi tuko ndani ya kifua chake.

"Umehesabu au umenipendelea?" Bibi akauliza.

"Nimehesabu, Bibi. Zote."

"Haya. Kuna mwenzangu huko anangoja."

Kaka akasimama mbele ya mama. "Mama, lile neno la sare..."

"Sare yenyewe hainienei, makwapa madogo," mama akasema, akamkabidhi. Lakini hakuiachia. Waliishika wote wawili. "Nisikilize, mwanangu. Ulipokuwa mwanafunzi, uvivu wako mdogo ulikuwa na mtu wa kuufuta. Sasa hayupo, mtu ni wewe. Kosa halimfanyi mtu mwongo. Kinachomfanya mwongo ni kulijua akakaa nalo. Jana ulirudi ukasema, na mzee amekunywa chai. Leo usikae hapa ukaiharibu kazi yako nzuri kwa aibu. Nenda ukakaripiwe, kisha ufanye kazi." Akanigeukia. "Na wewe wa kochi, umesikia?"

"Mimi sijafanya kitu, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Nikaitundika kalenda mahali pake, na safari hii nikaukaza msumari.

Kaka alitoka amevaa, kola imenyooka, kwenye shingo uzi mmoja mama aliousahau. Bibi alikuwa amesinzia kwelikweli sasa. Kaka akamtazama kidogo, akamtazama mama, mimi akanikonyeza. Akatoka. Nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa mlango, mkono wa pili uko kwenye kitasa kwa nje. Nikatega sikio. Mlango ukaja, ukaja, ukafungika, na Bibi hakushtuka.